Kimo cha Mnazi Mmoja

Mjomba wangu alikuwa fundi wa ndege za jeshi Ngerengere, na siku ya kwanza aliponikuta nikirusha MiG-21 kwenye kompyuta alisimama nyuma yangu muda mrefu bila kusema kitu. Nilidhani anafurahia. Ilikuwa saa tisa mchana, mwezi wa pili, nyumba yetu ya Bagamoyo imechemka kama chungu, feni inahamisha joto kutoka ukuta huu kwenda ule. Kwenye kioo nilikuwa namfukuza adui. Nikailaza ndege ubavu, nikavuta usukani hadi mwisho, nikazunguka duara zima, nikaongeza la pili. Nilipotoka kwenye duara la pili, mshale wa kasi ulikuwa karibu palepale ulipokuwa mwanzo.

“Mpwa,” akasema, “huo mwendo umeutoa wapi?”

Mjomba huongea kwa sauti kubwa. Miaka ya kukaa karibu na injini imemchukulia sehemu ya masikio, kwa hiyo swali lake lilisikika hadi kwa jirani.

“Ndege ina injini, mjomba.”

“Hata za kwetu zilikuwa na injini. Rubani akikata kona kama hizo mbili anarudi mdogo mdogo kama baiskeli inayopanda mlima. Wewe unatoka unakimbia. Huo ni mchezo wa watoto.”

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimemaliza shahada ya ualimu wa fizikia. Nilikuwa nyumbani mwaka wa pili nasubiri ajira, asubuhi nafundisha tuisheni, mchana narusha ndege. Alichokuwa anasema ni fizikia ya kidato cha tano, na nilikuwa sijawahi kuiuliza simuleta yangu swali hata moja.

Naomba msomaji asiyependa hesabu avumilie aya chache. Ndege iliyoko angani ina akiba ya aina mbili, kimo na kasi, na rubani anaweza kubadilisha moja kuwa nyingine. Akiinamisha pua anatoa kimo anapata kasi, akiinua pua anatoa kasi anapata kimo. Kiwango cha kubadilishia kinajulikana: kasi zidisha kwa kasi, gawanya kwa mara mbili ya mchapuko wa uvutano. Ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa imebeba ndani ya mwendo wake kimo cha mita 3,200 hivi. Kama hewa isingekuwa na ukinzani, rubani angezima injini, akaelekeza pua mbinguni, na akafika huko.

Lakini hewa inadai chake, na inadai zaidi kwenye kona. Ili ndege igeuke lazima ilale ubavu, na ikilala, sehemu ya nguvu ya mabawa iliyokuwa inabeba uzito inakwenda kuvuta pembeni. Ili isishuke, mabawa yafanye kazi zaidi. Ikilala nyuzi 60, yanabeba uzito mara mbili. Ukinzani unaotokana na kazi hiyo ya kunyanyua hauongezeki mara mbili tu, kwa kasi ileile unakuwa mara nne. Ukivuta hadi mabawa yabebe uzito mara nne, ukinzani huo unakuwa mara kumi na sita. Injini ikishindwa kulipa deni hilo, linalipwa kutoka kwenye akiba. Bawa la pembetatu la MiG-21, zuri sana kwa kukimbia moja kwa moja, kwenye kona kali hutoza kuliko mabawa mengi. Ndiyo maana mjomba, ambaye Ngerengere alizoea ndege zilizoundwa China kwa michoro ya MiG, alijua kwa kutazama tu kwamba nadanganywa.

Miaka ya mwanzo ya 1960, Mmarekani mmoja, rubani John Boyd, akishirikiana na mwanahisabati Thomas Christie, aliiweka hesabu hii kwenye majedwali: kwa kila ndege, kwa kila kimo na kasi, inaingiza au inapoteza nishati kiasi gani ikigeuka. Tangu hapo wanaounda ndege za kivita wanaanzia huko, na wanaobishana kuhusu simuleta nao wanaanzia huko. Kupima simuleta ni rahisi: shika kimo kimoja, injini nguvu zote, zunguka duara kamili, hesabu sekunde, soma kasi uliyobaki nayo. Usiku huo nilipima yangu. Mjomba alikuwa sahihi. Waliotengeneza mchezo ule walikuwa wamepunguza deni la kona ili mchezaji asichoke.

Wavuvi wa hapa kwetu hawahitaji jedwali la Boyd. Nenda ufukweni karibu na soko la samaki, utazame ngalawa inayorudi kwa kubisha dhidi ya upepo. Nahodha hageuzi mpaka chombo kimeshika mwendo, maana akigeuza kabla, pua inafika katikati, inagoma, tanga linapigapiga, na chombo kinabaki kinautazama upepo bila mwendo wa kwenda kushoto wala kulia. Nimeliona hilo tangu utoto na sikuwahi kulihusisha na ndege.

Nikabadilisha simuleta. Nikapata X-Plane, ambayo haichukui jibu la mkato: inagawa bawa vipande vipande na kukokotoa nguvu kwenye kila kipande, mara nyingi kila sekunde. Mjomba akaja tena, akavuta kiti.

“Weka joto,” akasema.

“Joto gani?”

“Joto la leo. Hapo umeandika kumi na tano. Nani ana kumi na tano hapa?”

Nyuzi 15 ndicho kipimo cha dunia nzima. Majedwali ya ndege huandikwa kwa hewa ya kawaida, na hewa ya kawaida, kwa makubaliano ya kimataifa, ina nyuzi 15 za Selsiasi usawa wa bahari. Ni wastani wa nchi zilizo mbali kidogo na ikweta, kaskazini, yaani hewa ya watu waliotangulia kuunda ndege. Pwani yetu, Bagamoyo, Mlingotini, Mapinga hadi Bunju, mchana wa Februari ni nyuzi 32 au 33. Hewa ya nyuzi 33 ni nyepesi kwa asilimia 6 hivi kuliko ile ya kitabuni, na unyevu wa kaskazi unaipunguza zaidi kidogo. Bawa linashika hewa pungufu, injini inavuta hewa pungufu, panga boi linasukuma hewa pungufu. Ukifanya hesabu, ndege iliyosimama ufukweni Bagamoyo mchana huo inajiona iko zaidi ya mita 600 juu ya bahari. Yaani kwa ndege, Bagamoyo mwezi wa pili iko juu kuliko mji wa Morogoro unavyoonyeshwa kwenye ramani.

Niliweka 33. Ndege ikala njia nyingi zaidi kabla ya kuinuka. Mjomba akaitikia kwa kichwa, akaenda kunywa chai.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kama kuna mtu aliyewahi kupigana angani katika hewa hii, kwa ndege dhaifu, kabla ya injini za ndege kuwa na nguvu za kufidia. Jibu fupi ni hapana. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani wa huku walikuwa na ndege moja, ya Bruno Büchner, aliyekuja Dar es Salaam kwa maonyesho mwaka 1914 vita vikamkuta huko, nayo iliharibika mapema. Hakukuwa na wa kufukuzana naye. Lakini Waingereza walileta ndege, na wakapigana vita vya nishati ambavyo mchezo wangu wa kwanza usingeweza kuviigiza hata kidogo, kwa sababu adui alikuwa hewa yenyewe.

Sababu ya ndege hizo ilikuwa meli moja. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia meli ya Kiingereza Pegasus ikiwa bandarini Zanzibar, ikaizamisha, kisha ikajificha kwenye mikono ya mto Rufiji, kusini ya Dar es Salaam, ndani ya mikoko ambako meli kubwa hazingeingia. Ili kuiona ilibidi mtu apande juu.

Wa kwanza kupanda alikuwa Dennis Cutler, raia aliyekuwa akifanya maonyesho ya urubani Durban kwa boti yenye mabawa ya Curtiss. Rejeta ya injini ikamsumbua kwenye joto hili, na ikabidi itafutwe rejeta ya gari la Ford huko Mombasa. Napenda sana habari hiyo. Karne moja baadaye fundi yeyote wa Bagamoyo angefanya vilevile. Novemba Cutler aliiona Königsberg. Desemba injini ikamwangusha mtoni, akatekwa.

Februari 1915, katikati ya kaskazi, zikaja ndege za baharini za Sopwith. Nchini kwao zilikuwa ndege. Hapa zilikuwa boti zenye kelele: zilikimbia juu ya maji na kukataa kuinuka na mzigo wowote wa maana, na gundi na mbao zikaanza kuachana. Zikafuata Short, kubwa zaidi, ambazo ziliinuka na hata kuipiga picha Königsberg, ila hazikuweza kupanda juu vya kutosha kukwepa bunduki za waliokuwa chini. Mwezi wa sita zikaja za magurudumu, Caudron na Henri Farman, zikaruka kutoka kisiwa cha Mafia, ambacho Waingereza walikuwa wamekwisha kukiteka.

Mimi niliunda Henri Farman yangu. X-Plane ina karakana yake, Plane Maker, na kwa wiki tatu nilichora fremu, nyaya, injini iliyo nyuma ya rubani inayosukuma badala ya kuvuta. Siwezi kuapa kwamba ni Farman ya kweli bolti kwa bolti. Ni ndege nzito wa nyaya, dhaifu wa injini, kama zilivyokuwa hizo. Nilipoirusha kwa kilomita 90 kwa saa nikakokotoa akiba ya kasi yake kwa kanuni ileile ya MiG. Nikadhani nimekosea, nikarudia.

Mita 32.

MiG yangu ilikuwa na mita 3,200 za akiba ndani ya mwendo wake, na Farman ilikuwa na mita 32, kimo cha mnazi mmoja mrefu wa Kaole. Ukikata kona kali, mnazi huo unakatwa kabla hujamaliza robo ya duara, na bawa linaacha kubeba. Rubani wa ndege ile hakuwa na kasi ya kuchezea. Kila alichonacho kilikuwa kimo, na kimo chenyewe alikuwa amekidunduliza mita kwa mita kwenye hewa ya moto, akizunguka na kuzunguka, kama mtu anayeweka akiba kutoka mshahara usiotosha. (Nilikuwa naishi kwa hela ya tuisheni. Nililielewa hilo bila X-Plane.)

Tarehe 11 Julai 1915 John Cull alikuwa kwenye usukani wa Henri Farman juu ya Rufiji, na H. J. Arnold alikuwa mtazamaji wake. Chini yao meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zilikuwa zimeingia mtoni na kupiga kitu zisichokiona. Siku tano kabla zilikuwa zimejaribu na kushindwa. Kazi ya Arnold ilikuwa kutazama kila kombora linaangukia wapi na kutuma kwa simu ya upepo herufi za Morse: mbele mno, nyuma mno, kushoto, kulia. Bila yeye mizinga ilikuwa kipofu. Makombora yakaanza kupiga shabaha. Königsberg nayo ikampata Cull, injini ikaharibika.

Cull akaanza kushuka akielea, kuelekea mtoni iliko Mersey. Arnold akatuma kwamba wamepigwa, waletewe boti. Kisha, huku ndege inashuka bila injini, akaendelea kutuma masahihisho ya mizinga, akiisogeza shabaha kando ya meli ile mpaka sekunde ambazo hakuweza kuona tena. Ndege ikafika mtoni, ikapinduka. Arnold akarushwa nje, Cull akakwama kwenye mkanda wake kabla ya kujinasua, na boti ya Mersey ikawaokota. Siku hiyohiyo nahodha Max Looff akaiharibu na kuizamisha Königsberg kwa mikono ya watu wake, maana ilikuwa imekwisha.

Nilijaribu kushuka kama Cull. Nilijiweka mita 750 juu ya mikoko, nikazima injini. Kwenye modeli yangu nilikuwa na dakika tatu na kilomita nne na nusu, nikienda moja kwa moja. Tatizo mto hauko moja kwa moja. Mara ya kwanza nililaza sana, bawa likaacha, nikaingia mikokoni kwa pua. Mara ya pili nikasema basi, taratibu, nikalaza kidogo tu. Kona ikawa ndefu kama ya lori la mkaa, na nilipoimaliza kimo kilikuwa kimekwisha njiani. Hili sikulitegemea: kona kali inakuua kwa kasi, kona ya upole inakuua kwa muda. Bei nafuu iko katikati, karibu na nyuzi 45, lakini ili uilaze Farman kiasi hicho lazima kwanza uinamishe pua na ununue kasi kwa kimo ambacho unaogopa kukitumia. Nilianguka mara tisa. Mara ya kumi nikagusa maji.

Kila mara nilikuwa peke yangu kwenye ndege ile. Simuleta haina kiti cha mtu wa nyuma anayehesabu makombora ya wengine wakati yeye mwenyewe anaanguka.

Kuna kitu kingine haina. Nilikuwa nimeandika haya yote kwenye daftari, nimejaa Cull na Arnold, mpaka nilipofuata mizinga ya Königsberg ilikokwenda. Ilikuwa kumi, ya milimita 105. Wajerumani waliitoa mtoni, ikapelekwa Dar es Salaam, karakana ya reli ikaitengenezea magurudumu, na ikapigana nchi kavu miaka iliyofuata. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, watu wanapiga nao picha. Mmoja uliletwa hapa kwetu. Tarehe 15 Agosti 1916, Waingereza waliposhuka Bagamoyo kutoka kwenye meli zao, waliuteka mzinga huo. Nilizaliwa umbali wa kutembea kutoka Boma na hakuna aliyewahi kuniambia.

Mizinga ile ilivutwa na watu. Mamia ya watu kwa kamba, kwenye matope ya Rufiji na mchanga wa barabara, na majina yao hayako popote nilipotafuta, ingawa ya marubani yapo na medali zao zipo. Bagamoyo inaijua nishati ya namna hiyo kuliko mji wowote wa pwani. Kabla ya Mjerumani na wakati wake, njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora iliishia hapa, na pagazi alibeba frasila mbili, kilo thelathini na zaidi, kichwani au begani, miezi mitatu. Kwenye Plane Maker nilijaza petroli kwa kubofya. Mafia mwaka 1915, kila debe lilishushwa kutoka chomboni na mgongo wa mtu. Mita za Cull zilianzia kwenye migongo hiyo, na jedwali la Boyd halina safu ya kuiandikia. Nilijaribu kuongeza mstari kwenye hesabu yangu, nikaufuta. Sikujua niuanzie wapi, kwa kilo, kwa siku, au kwa watu.

Nilimsomea mjomba daftari lile jioni moja barazani, kwa sauti ya juu ili asikie. Alinisimamisha mara moja tu.

“Huyu wa nyuma. Alikuwa anaendelea kutuma wakati wanaanguka?”

“Ndiyo, mjomba.”

“Na fundi wao nani?”

Sikuwa na jibu. Mafundi nao hawaandikwi sana. Akanyamaza, kisha akauliza kama ile ndege ya nyaya bado iko kwenye kompyuta. Nikamwambia ipo. Akasema aione.

Nilimweka kwenye kiti changu. Zaidi ya miaka ishirini alifunga na kufungua injini za ndege, na hakuwahi kushika usukani ukiwa hewani. Nilianzia Mafia, joto nyuzi 33, nikaiinua mwenyewe, kisha nikamwachia. Alishika fimbo kwa vidole viwili kama anashika kikombe cha moto. Nilingoja akate kona ili nimwonyeshe mnazi unavyoanguka. Hakukata. Aliielekeza kaskazini, bahari kulia, pwani kushoto, na kila dakika alikuwa anasoma kimo kwa sauti: mia mbili na kumi, mia mbili arobaini, mia mbili arobaini na tano. Ikachukua muda mrefu sana. Dar es Salaam ikapita, picha mbovu ya mraba mraba, Kunduchi ikapita.

Adhana ya magharibi ikaanza. Akaniambia nishike, asije akaiangusha, akaenda kutawadha. Nikaishika. Tulikuwa mita mia nne na kumi, na Bagamoyo ilikuwa bado haijaonekana.